Theluji Chini ya Cressida

Haya, tegua hiki. Wa nyuma anasukuma, wa mbele anachagua njia, wa kati anaumwa. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ukinipa Durban nitaupokea kwa mikono miwili, maana jibu lenyewe linakaa huko, mtaa wa Overport, uani mwa jengo la ghorofa lenye rangi ya maziwa yaliyochacha. Limefunikwa turubai ili ndege wasilichafue. Ni gari, Cressida kongwe, la yale yenye injini mbele na magurudumu ya kusukuma nyuma. Na wa kati ni mtoto.

Mtoto aliitwa Grâce. Alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao Wakongo huuita SS, na asubuhi hiyo ya mwezi wa saba aliamka ameshika goti kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kuku asikimbie. Bibi yake Joséphine, ambaye mjukuu alimwita koko kama watoto wa kwao wanavyoita bibi, alichemsha maji, akalikanda goti kwa kitambaa cha moto, akamnywesha dawa ya maumivu iliyobaki chini ya chupa. Kisha akamvuta ukope. Jicho lilikuwa la njano kama mawese. Joséphine alikuwa amelea watoto wa SS kabla ya huyu, mmoja akamzika Bukavu na mwingine akamzika njiani, na alijua mahali kitambaa cha moto kinapoishia na hospitali inapoanzia.

"Bonheur," alimwita mwanawe, baba wa mtoto. "Toa gari."

"Mama, kule juu iko theluji."

"Najua iko. Toa gari."

Nje jua lilikuwa limeshapanda. Durban haina baridi ya kusimuliwa. Mwezi wa saba watu wanaoga baharini, na migomba inazaa uani bila kuulizwa. Mtangazaji wa hali ya hewa alikuwa ametabiri siku ya joto zuri, na hakukosea. Theluji ilikuwa mahali pamoja tu, kwenye kile kipande cha barabara kinachopanda kutoka kwenye robot, kama wanavyoita hapa taa za barabarani, hadi geti la hospitali, na hata hapo haikumwangukia kila mtu. Ilianza siku ile wanaume fulani wa mtaani walipoleta viti vya plastiki, wakakaa getini, wakawa wanauliza wagonjwa vitambulisho. Gari la mtu wa hapa lilipanda juu ya lami kavu. Gari la mgeni likifika chini ya mlima, theluji ilianza kushuka kutoka usawa wa madirisha, upana wa gari na si zaidi, ikatanda mbele ya tairi. Gari likikata tamaa na kurudi, iliyeyuka ikaingia mtaroni. Watu wa barabara walikuja wakasimika kibao chenye picha ya gari linaloteleza. Akina mama waliouza machungwa kwenye robot waliongeza glavu.

Kwa miguu ilikuwa vibaya zaidi. Mwezi wa sita Bonheur alimbeba Grâce mgongoni, theluji ikampanda mpaka magotini, na baridi kwa mtoto wa SS ni sumu. Alipofika juu, mtoto aliyekuwa anaumwa mguu mmoja alikuwa anaumwa mwili mzima, na wenye viti wakawarudisha. Kwa hiyo ilibidi liwe gari, vioo vimefungwa, hita imewashwa. Hospitali nyingine zilikuwa na viti vyake. Hii ya mlimani angalau ilikuwa na sista mmoja mfupi wa zamu ya asubuhi, ambaye akimwona mtoto mgonjwa kwa macho yake humchukua bila kuuliza ametoka wapi. Lakini alikuwa havuki geti. Ilibidi afikiwe kabla zamu haijabadilika.

Walimlaza Grâce kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya koko. Walipopinda kwenye robot, chembe za kwanza zikaanza kugonga kioo.

Bonheur alijifunza kuendesha kwenye barabara ya Kamituga, kule kwao ambako matope yanafika mlangoni na dereva anasifiwa kwa kelele ya injini. Matope dawa yake ni hasira. Unakanyaga mafuta mpaka tairi zichimbe zikutane na ardhi ngumu huko chini. Akakanyaga. Tairi za nyuma zikazunguka zikalia, zikaisugua theluji mpaka ikawa kioo, na Cressida ikageuza makalio upande kama mwanamke aliyechoka na mazungumzo.

"Bonheur, hii haiko matope," Joséphine alisema.

"Mama, acha nisikie gari."

"Gari imeshasema. Wewe ndiye husikii."

Grâce alilia bila sauti. Kila gari lilipotikisika, aliuma ukingo wa kitenge cha koko.

Walishuka kinyumenyume. Bonheur akatoa upepo kidogo kwenye tairi kwa njiti ya kiberiti, ili zikae bapa. Akajaribu gia ya pili, polepole, kama anayepita mbele ya msiba. Safari hii walifika kwenye kile kibao cha kuteleza, wakasimama, wakarudi wenyewe mpaka chini. Sehemu ya nyuma ilikuwa nyepesi mno. Magurudumu yanayosukuma hayakuwa na kitu cha kuyakandamiza, na gurudumu lisilokandamizwa ni sawa na mkono unaosukuma ukuta mtu akiwa amevaa soksi.

"Inataka watu nyuma," Bonheur alisema. Akapiga simu kwa Jean-Bosco.

Jean-Bosco alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa lao, na kwaya ilikuwa inafanya mazoezi jirani tu, ukumbi wa nyuma ya duka la simu. Kwao gari likikwama hakuna wa kuuliza la kufanya. Abiria hupanda kwenye buti, wengine husimama kwenye bampa, wote huruka kwa pamoja na kuimba. Walikuja na sare zao za zambarau. Waliokuwa wanene walitangulia kuingia kwenye buti bila kuambiwa, kwa heshima ya kazi.

"Besi wakae juu ya magurudumu," Jean-Bosco aliamuru. "Soprano simameni kwenye bampa, hamna uzito wowote ninyi, mna kelele tu."

"Angalia nani anasema," alijibu Yvette wa soprano. "Mtu mwenyewe kama mti wa simu."

Cressida ikakaa chini kama kuku anayeatamia. Bonheur akatia gia. Na hapo theluji ikaja ya kweli, maana kila mgeni aliyepanda alikuja na theluji yake. Ya Jean-Bosco ilianguka, ya Yvette ikaanguka, ya besi wote ikaanguka kwa mafungu, ikafika kwenye taa za mbele, ikafika kwenye boneti. Kadiri gari lilivyozidi kuwa zito ndivyo njia ilivyozidi kuzibwa. Pembeni yao teksi iliyojaa watu wa hapa ilipanda mlima vumbi likitimka, na kondakta akawapungia mkono kwa upole.

"Kwetu mgeni siku ya tatu anapewa jembe," Jean-Bosco alisema, akitoa theluji kwenye kola. "Hapa wangetupa koleo kabisa."

Walishuka mmoja mmoja, wakajipangusa, na kila aliyeshuka alipunguza theluji kidogo. Ndani ya gari Grâce alikuwa ameacha kuuma kitenge. Hilo lilimtisha Joséphine kuliko kilio.

"Koko," mtoto alisema.

"Niko hapa, mama yangu."

"Theluji inajuaje ni sisi?"

Joséphine alikuwa mtu wa vitendawili. Jioni zote za mjukuu huyu alikuwa amezijaza navyo, na hakukuwa na alichokitega asichokuwa na jibu lake chini ya ulimi. Akatafuta. Chini ya ulimi hapakuwa na kitu.

"Nimeshindwa," alisema. "Chukua mji."

"Mji gani?"

"Chukua Bukavu, na ziwa lake."

"Sitaki Bukavu. Nataka jibu." Kisha goti likamshika tena.

Ndipo alipopita MaNgcobo. Alikuwa jirani yao wa ghorofa ya chini, Mzulu, mwanamke mpana aliyekaanga magwinya, maandazi ya kwao, ya kuuza kila alfajiri, na mtoto huyo alikuwa amekula mengi ya yale yaliyovunjika. Siku hiyo alikuwa anakwenda hospitali kuchukua vidonge vyake vya presha. Alisimama kwenye lami kavu, akachungulia dirishani, akaliona jicho la Grâce. Bonheur naye hakumwangalia usoni. Aliangalia mahali aliposimama, pasipokuwa na hata chembe nyeupe.

"MaNgcobo," alisema, "samahani sana. Wewe ni mzito kiasi gani?"

"Eish. Mama yako hakukufundisha?" MaNgcobo alijibu kwa kile Kizulu cha sokoni wanachokielewa wote. Lakini mkono wake ulikuwa umeshashika mlango.

Alikaa nyuma upande wa kushoto, juu kabisa ya gurudumu, mkoba wa kutilia vidonge mapajani na miguu ya Grâce juu ya mkoba. Theluji ya upande wake ikaondoka. Gurudumu la kushoto likakaa kwenye lami, la kulia likabaki kwenye barafu. Bonheur akatia gia ya pili, na nguvu yote ya injini ikakimbilia kulia, kwenye gurudumu linaloteleza, kama kawaida ya magari hayo, ambayo humpa asiyeshika na kumnyima anayeshika. Lilizunguka bure. Bonheur akavuta breki ya mkono kidogo, kidogo tu, na kuishikilia hapo. Gurudumu la kulia likasita. La kushoto likauma lami.

Cressida ikapanda. Ilipanda upande-upande, inanuka breki, ikakipita kibao, ikaupita ukuta wa hospitali wenye chupa zilizovunjwa juu. Joséphine alikuwa anaomba kwa Kiswahili na MaNgcobo kwa Kizulu, na hakuna aliyemngoja mwenzake amalize.

Getini walisimama. Viti vilikuwa vinne au vitano, na kwenye kile cha kwanza alikaa Sibusiso, kijana wa MaNgcobo, aliyenyolewa vizuri, na chupa ya chai kando.

"Ma," alisema, "unafanya nini humo?"

"Nimekaa."

"Shuka upite, foleni ya presha iko ndefu leo. Hawa wabaki."

MaNgcobo alizoea kumsikiliza mwanawe, tangu alipokuwa mwanamume pekee nyumbani. Akafungua mlango, akatoa mguu mmoja. Theluji ikaja mara hiyo hiyo chini ya gurudumu la kushoto, gari likarudi nyuma urefu wa mkono, na Grâce akapiga ukelele mmoja. MaNgcobo akarudisha mguu, akafunga mlango.

"Nikishuka wanakwenda chini," alisema dirishani.

"Si kazi yako, Ma."

"Najua. Lakini nimeshakaa."

Bonheur akaweka kiganja kwenye honi na hakukitoa. Alipiga mpaka wagonjwa wa foleni wakageuka, mpaka bawabu akaziba masikio, na mwishowe sista mfupi akatokea, koti jeupe limefungwa vibaya, akiwa ameshashika mkoba wa kwendea nyumbani. Akasimama ndani ya mstari wa geti. Joséphine akateremsha kioo, akamwinua mjukuu, akamgeuza uso ili jicho lile lionekane.

Sista akalitazama jicho. Akaweka mkoba wake chini, akavuka geti hatua mbili tatu, akampokea mtoto kupitia dirishani kama unavyopokewa mkate wa moto, na kitenge na vyote.

"Huyu namchukua," alisema. "Kitanda sijui kama kipo. Wakubwa mtasubiri."

"Mimi ni bibi yake," Joséphine alisema.

"Gogo," sista alisema, kama Wazulu wanavyoita bibi, "naona. Siwezi kukuingiza."

Sibusiso alisogeza kiti chake ili sista apite na mzigo. Alikuwa amelelewa vizuri. Kisha akakirudisha mahali pake.

Walisubiri ndani ya gari, maana hapakuwa na pengine. Geti lilifunguliwa kwa waliotakiwa kuingia, likafungwa. MaNgcobo hakwenda kuchukua vidonge vyake. Mara moja alilegeza goti kama anayetaka kusimama, gari likaguna, akatulia. Hita ilikuwa imezimwa kuokoa mafuta. Huko chini, kwenye robot, gari jingine lilikuwa limeanza kulia tairi, na mtu ndani yake anakanyaga mafuta kwa hasira, kama anapita kwenye matope. Joséphine alikunja mikono juu ya mapaja yake, palipobaki joto la kichwa cha mtoto. Joto lile lilikuwa linapungua, naye akawa analifunika kwa viganja. Sista mwingine, mrefu, aliingia kazini. Yule mfupi hakuonekana kutoka.

"Atatoka," Bonheur alisema.

MaNgcobo alimwangalia mwanawe akimimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akimpa wa kiti cha pili kwanza, ndipo akajimiminia mwenyewe. Alimwangalia mpaka chai ikaisha. Kisha, bila kugeuza uso, akasema kwa ile lugha yao ya sokoni.

"Yule mtoto aliuliza kitu, mlipokuwa mnahangaika kule chini. Nilisikia kabla hamjaniona."

"Aliuliza theluji inajuaje," Joséphine alisema.

"Haijui." MaNgcobo alifungua mkoba, akaufunga. "Theluji haijui kitu, Gogo. Kila asubuhi huwa inatuuliza sisi wa hapa."