Tao la Vitabu

Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto ilimkuta mwalimu wa darasa la tatu amefura kwa hasira tangu asubuhi, na alikuwa na haki yake. Alifungua kabati la darasa achukue kitabu cha kusomea, akakuta vumbi tupu. Akatoka mbio mpaka getini, na huko ndiko alikovikuta vitabu vyake vyote, vimefunuliwa katikati, kurasa zikagandishwa zisipeperuke, vikabandikwa kwa gundi ya seremala kwenye tao kubwa la mbao.

Mwaka uliopita, siku kama hii, shule jirani iliweka maputo getini, na tangu hapo mkuu wa shule hakuwa na raha. Safari hii alitaka kitu cha kuwafunga watu midomo: mgeni rasmi apite chini ya vitabu, picha zitoke za kupendeza. Kamati ya mapambo ikakesha na brashi za gundi. Watu wazima wale, wenye akili zao timamu, walimu wa kufundisha watoto kusoma, hakuna hata mmoja aliyejiuliza kitabu kilichobandikwa kitasomwaje. Jamani!

Na hasira ya mwalimu haikuwa ya vitabu tu. Ilikuwa ya Kimya.

Kimya ni binti wa fundi wa kuchomelea mageti. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu alikaa dawati la nyuma, akarudia darasa, akarudia tena, bila kusoma hata neno moja. Baba yake akachoka. Alimwambia mwalimu bila kuficha kwamba mtoto anazeekea shuleni bure, na kwamba shangazi yake ana saluni, bora akaanze kusuka nywele mapema. Mwalimu akambembeleza asubiri siku ya vitabu, aje amsikie mwanawe kwa masikio yake. Akishindwa, basi amchukue. Tangu hapo mwalimu na mtoto wakawa wanabaki darasani kila kengele ya mwisho ikilia, wanahangaika na silabi mpaka koo zinakauka. Na mtoto akaanza kusoma. Polepole, kidole chini ya mstari, lakini anasoma.

Sasa kitabu chenyewe walichokuwa wakifanyia mazoezi kiko juu ya geti.

Mwalimu alimfuata mkuu wa shule, akaomba kibanduliwe kimoja tu. Mkuu akamwambia asimharibie siku. Kikitoka kimoja litabaki pengo, na pengo litaonekana kwenye picha. Kwani huyo mtoto hajaujua ule ukurasa wake wa mazoezi kwa kichwa? Basi auseme kwa kichwa, nani atajua? Mwalimu akaondoka.

Mgeni rasmi alichelewa, kama wanavyochelewa wageni rasmi wote duniani. Watoto waliungua na jua. Alipofika alihutubia weee, kitabu ni mwanga, kitabu ni rafiki, mpaka wadogo wakaanza kusinzia wakiegemeana. Mwisho Kimya akaitwa. Alipanda jukwaani mikono mitupu, akaangalia mbele, akausema ukurasa mzima wa mbuzi aliyetumbukia kisimani, bila kukwama popote. Makofi yakapigwa. Moyo wa mwalimu ukaanguka, maana mtoto alikuwa ameusema vizuri kupita kiasi.

Fundi alikuwa amekaa nyuma na ovaroli lake la kazini. Alisimama, akamshika binti yake mkono, akamfuata mwalimu.

"Mwalimu, mimi si mtoto mdogo," alisema. "Hapo amekariri. Hata kasuku anakariri. Umenipotezea muda, na yeye umempotezea zaidi."

Akaanza kuelekea getini. Kimya alimfuata huku machozi yanamtoka. Mwalimu alitamani kupiga kelele. Kazi yote ile, jioni zote zile, zinakwenda na maji kwa sababu ya pambo! Akawakimbilia, akawakuta chini ya tao, akamwambia fundi achague kitabu chochote pale juu, ukurasa wowote, yeye mwenyewe.

Fundi alisita. Kisha akanyoosha kidole upande wa kushoto. Kimya akafuta machozi, akasoma mstari kuhusu mvua. Fundi akaonyesha kingine, mbali na hapo. Mtoto akakwama, akarudi nyuma, akalikata neno vipande, akalitamka. Fundi akasogea karibu. Akaonyesha cha tatu, kilichokuwa usawa wa uso wa mtoto, naye akainama kufuata maneno pamoja na binti yake.

"Mlango wa ghala ulifunguka wenyewe," Kimya alisoma. "Bibi aliinua taa. Akamwona mtu amesimama, amevaa koti la babu. Bibi akasogea. Yule mtu akageuka, na kumbe alikuwa..."

Ukurasa ukaisha.

"Alikuwa nani?" fundi aliuliza.

Kimya aliweka kucha kwenye pembe ya karatasi, akavuta. Haikufunuka. Fundi akajaribu mwenyewe, na vidole vile vinavyokunja vyuma vikaichana karatasi pembeni, akaiachia haraka. Gundi ilikuwa imekauka kabisa. Kutoka uwanjani mkuu wa shule alikuwa anawapungia mkono wasogee, mgeni rasmi yuko tayari kupigwa picha.

Fundi hakusogea. Aliweka kiganja kwenye kichwa cha binti yake, akakiacha hapo kwa muda.

"Jumatatu atakuja," alimwambia mwalimu. "Sitampeleka kwa shangazi yake." Akatazama tena lile tao, kutoka mguu mmoja hadi mwingine. "Ila niambie, Mwalimu. Atakuja kusoma nini?"