Siku Gumbo Ilipokula Bila Pauni

Kisakye alikuwa bado anakanda unga wa chapati kibandani kwake pale mwenye duka la jumla alipofuta bei ukutani kwa kiganja na kuandika nyingine kwa chaki. Ilikuwa Desemba ile pauni, hela ya nchi, ilipoporomoka. Unga ulitoka Uganda kwa dola, na dola walikuwa nazo wakubwa wa mjini, ng'ambo ya daraja. Huku sokoni Gumbo watu walibaki na mabunda ya noti yasiyotosha hata sukari.

"Tufunge tu," alisema Night, jirani yake aliyeleta samaki kutoka Rejaf. "Nikiuza leo, kesho hiyo hela hainirudishii samaki."

Kisakye alitazama beseni la Night, kisha unga wake. "Dada, wewe iko na samaki, mimi iko na unga. Pauni ya nini?"

Walianza kwa mzaha: samaki kwa chapati. Muuza sukuma akasikia, akaleta mafungu yake. Muuza mkaa akafuata. Fundi cherehani akaziba turubai lililovuja, akalipwa bakuli la mchuzi. Kufikia mchana kibanda kilijaa vicheko kama nyumba ya arusi, na Kisakye, aliyekuwa amenuna wiki nzima, aliimba huku akigeuza chapati.

Ndipo akafika Lokosang, mtoza ushuru wa soko.

"Ushuru wa mauzo."

"Gurush mafi, afande. Hela hakuna," alisema Kisakye. "Hatujauza kitu."

"Na hawa wote wanaokula?"

"Wanakula. Hakuna aliyenunua."

"Basi nafunga kibanda."

Vicheko vilikatika. Watoto wa Kisakye kule Kampala walisoma kwa kibanda hicho. Night akaosha mikono taratibu.

"Afande, mshahara wako wa mwisho uliupata lini?" aliuliza.

"Kabla ya mvua," alijibu Lokosang.

"Ulitosha kununua nini?"

"Sabuni," alisema, na mwenyewe akaanza kucheka. Kibanda kizima kikamfuata.

Kisakye akavuta kigoda, lakini hakumwachia akalie. "Hapa leo kila mtu analeta kitu. Wewe iko na nini?"

Lokosang alivua shati la kazi, akachukua madumu mawili, akaenda mtoni kuchota maji. Aliporudi amelowa, walimpa kichwa cha samaki, akala mpaka akalamba vidole.

"Na kesho?" aliuliza.

"Kesho," alisema Kisakye, "njoo na kuni."