Ubeti wa Jiwe la Kusagia

Nisiwadanganye, sikwenda kwa Leonardi kumsaidia kupura mtama. Nilikwenda kumwaibisha.

Mwaka 1973 mtama wa akiba ya njaa ulipotea ghalani, hapa Kalinzi. Ufunguo alikuwa nao Leonardi, lakini kidole akamnyooshea mume wangu, Calixte. Nani angemwamini Mrundi aliyekuja na mkeka tu? Wakamfukuza, akavuka mpaka kurudi kulekule tulikokimbia kifo. Mpaka leo kimya. Msimu uliofuata balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Martini, akaniambia kwa upole, "Mama Tuyizere, vuna, kisha utafute pa kwenda. Mke wa mwizi hatuna shamba la kumpa."

Basi kabla ya kuondoka nikawa na siku moja tu, siku ya kupura kwa Leonardi.

Kwenye uwanja wa kupuria kuna desturi. Anayeongoza wimbo anaruhusiwa kusema lolote, maadamu anausema mtama, hamtaji mtu. Anayesemwa hajibu, anaendelea kupiga. Akiweka fimbo chini wimbo haujaisha, amekiri. Walidhani mimi mgeni siijui. Kwetu ipo hiyohiyo, ila hakuna aliyewahi kuniuliza.

Bibi aliyekuwa akiimbisha alipochoka sauti, nikampokea.

"Mtama mwekundu, nani alikubeba?
Ndege hana gunia, panya hana ufunguo.
Punje nzima zimetupwa ng'ambo,
makapi yamebaki, yamevaa kofia."

Mwenye kofia pale alikuwa Leonardi peke yake. Wanawake wakaitikia huku wamebana vicheko, na roho yangu ikasuuzika. Lakini yeye akazidi kupiga. Nikatia ubeti wa pili, nikatia wa tatu, jasho linamtoka na fimbo haiweki chini. Ana uso mkavu yule. Nikaona shamba linaniponyoka, na hasira ikanipanda upya.

"Mtama mwekundu, nani alikusaga?
Jiwe la kusagia linajua,
limekula, limeshiba, limenyamaza."

Fimbo ikaanguka. Haikuwa ya Leonardi. Ilikuwa ya mkewe, Eufrasia, aliyenipa chumvi siku ya kwanza nilipofika, aliyempokea Tuyizere wangu nilipojifungua. Sikumlenga yeye. Au labda nilimlenga, maana nilijua nani anasaga nyumbani mle.

"Nilisaga mimi," alisema. "Magunia mawili. Aliniambia nikifungua mdomo atanirudisha kwetu bila watoto."

Aliketi juu ya mabua, akajifunika kanga usoni, akalia. Mzee Martini, aliyekuwa akipura nasi, alimtazama Leonardi, kisha akanigeukia.

"Shamba ni lako, mama. Tumekukosea. Sasa basi, yatosha, mwonee huruma mwenzio."

Nilimhurumia, kweli. Lakini Leonardi alikuwa bado ameshika fimbo, na Calixte wangu alikuwa bado ng'ambo, kama yu hai.

Nikavuta pumzi, nikaanza ubeti wa tano.