Nyekundu ya Adèle

Tarehe 15 mwezi wa saba, mwaka wa 2023, siku ya Jumamosi, ndiyo kila kitu kiliharibika. Asubuhi ile shemeji zangu walishuka kwenye boti kutoka kisiwa cha Idjwi, boti nzima, wamevaa rangi ya maji ya kuoshea sufuria ya mawese.

Tulikuwa tunamaliza matanga ya muke wangu, Adèle. Kabla ya kufa aliniomba kitu kimoja tu: siku hiyo jamaa yote ivae rangi ya kitenge chake, kile alichovaa kwenye ndoa ya binti yetu Charlène. Mimi sikusoma sana, lakini ombi la marehemu halihitaji diplome. Kitenge chenyewe kilikuwa ndani ya sanduku, na roho ya kulifungua sikuwa nayo. Ila picha ya ndoa iko ukutani. Adèle amesimama, nyekundu ya mawese mabichi, inawaka hata umeme ukikatika. Na umeme unakatika kila siku, wakubwa wetu hawana haya.

Basi nikamuomba Blanchard, aliyetupiga picha ile, aitume kwenye simu za jamaa. Watu wa Idjwi wakaenda na simu sokoni, wakailinganisha na vitambaa, wakachagua. Mimi nilibeba ile ya ukutani, na kioo chake, mpaka soko ya Kadutu. Wamama wakanicheka, eti papa anatembeza muke.

Sasa pale bandarini, mimi na watoto tunawaka, wao wamepauka. Bintu, dada mukubwa wa Adèle, alinitazama toka kichwa mpaka viatu, akauliza kama leo ninaoa tena. Nikamujibu kwamba labda wao walilia sana, machozi ikafua nguo. Hapo ndipo ugomvi ulianza. Kidogo misa ituache.

Blanchard akaitwa ajieleze. Alisema kamera yake inashika rangi nyingi kuliko zile simu inajua. Ndani ya picha kuna maelezo madogo ya kuambia simu rangi zisomwe namna gani. Ukituma kwenye rezo, ule mutandao wa simu, maelezo hayo yanatolewa njiani. Simu inabaki kubahatisha, na nyekundu inapauka. Alipaswa kuzigeuza rangi mbele ya kutuma, akasahau.

"Nani anayatoa?" nikauliza.

"Hakuna mutu, papa. Rezo inafanya kazi vile."

Hakuna mutu. Ndivyo wanasema juu ya barabara pia, na juu ya maji ya bomba. Mimi nimesafiri mpaka Kamanyola mara nyingi, sijaona muzigo unaopita bariere za askari ukafika muzima. Leo hata nyekundu ya muke wangu imepita bariere, ikaacha kitu.

Bintu alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Shemeji, acha serikali ipumuzike. Tuonyeshe kitenge chenyewe."

Tukapanda nyumbani wote. Nililifungua sanduku mbele yao, nikijua nimeshinda.

Kitenge kikatoka kimepauka. Nilikuwa nimesahau: Adèle alikivaa kila misa, alikifua, alikianika juani, tena anakivaa. Bintu alikilaza juu ya mukono wake, na hukuweza kuona nguo yake inaishia wapi, kitenge kinaanzia wapi. Charlène ndiye alianza kucheka. Kisha Bintu. Mimi nilitafuta wa kulaumu, nikakosa. Jua halina ofisi.

Tuliingia kanisani vile vile, upande mumoja mawese, upande wa pili maji ya sufuria. Padri hakuuliza kitu.

Mimi nimeuliza. Nimemuuliza Bintu, nimemuuliza Charlène, hata Blanchard na kamera yake: siku ile Adèle aliniomba rangi ya kitenge chake, yeye alikuwa anaona ipi?