Yaya wa Pangoni

Tk. Kimya. Tk tena.

Umeme ulikatika tangu magharibi. Mimi na binti yangu Orlane tulikuwa jikoni gizani, na sauti ilitoka kwenye beseni la bati. Nilidhani panya. Nilipowasha simu nikaona samaki mama anatoka ndani ya chungu na kokoto mdomoni, anaitema ubavuni mwa beseni, kisha anarudi kuchukua nyingine. Kazi hiyo ya kusafisha chungu ilikuwa ya wanawe. Sasa anaifanya peke yake, maana wanawe watatu niliwatoa mimi, juzi asubuhi.

Samaki hao tuliletewa na Shakuru, jirani yetu hapa mtaani Musaga. Huzamia kwenye mawe ya kusini mwa ziwa, kukamata samaki wa mapambo. Alituletea baba, mama na watoto watatu wa urefu wa kidole: mwili rangi ya chai ya maziwa, mapezi yenye pindo la buluu, nyuma ya jicho doa la njano. Huko kwao hukaa mapangoni, ndiyo maana tuliwalazia chungu.

Mwalimu wangu wa shule ya jioni ya watu wazima alitutaka wanafunzi wake tuchunguze kiumbe hai mwezi mzima. Basi mayai yalipobandikwa kwenye dari ya chungu, nikaogopa wale watoto watayala. Nimekaanga samaki wangapi wenye mayai ya wenzao tumboni! Nikawahamishia kwenye ndoo.

"Walikuwa wanayapangusa," Orlane aliniambia. "Kwa mdomo. Polepole."

Sikumsikiliza. Siku mbili akaninunia.

Usiku huo wa giza nilimchota mtoto mmoja ndooni kwa kikombe, nikamrudisha karibu na chungu. Baba akamrukia, akamng'ata pezi. Mdogo akakimbilia pembeni. Akafuatwa, akang'atwa tena.

"Watamuua, mama!" Orlane akaanza kulia.

Nikamwita Shakuru kupitia ukuta. Akaja na tochi kichwani, bado anatafuna.

"We shemeji! Umefukuza batoto kwao siku mbili, unataka wapokelewe na pilau?"

"Acha kunicheka. Nimtoe?"

"Apana. Ukimutoa tena, kesho atakuwa mugeni kabisa. Angalia mukia."

Tukainama, vichwa vitatu juu ya beseni. Mdogo hakukimbia tena. Alikuwa ameinua kichwa, mkia unamtetemeka upesi upesi.

"Anajishusha," Shakuru akasema, sasa bila mzaha. "Kule chini naona kila siku. Ni kama anasema, mi ni wa hapa, nipeni kazi."

Baba akasogea. Akamdonoa mara moja, si kwa nguvu. Mkia ukazidi kutetemeka. Nikamkumbatia Orlane. Kisha baba akageuka, akampisha.

Mdogo akaingia chunguni. Akajigeuza chali chini ya dari, akaanza kuyapangusa mayai, moja moja, kama mtu aliyeacha kazi jana tu.

Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru Shakuru, naye akarudi kwenye sahani yake. Lakini shukrani kubwa ilikuwa ya huyu wa miaka sita, aliyetazama wakati mimi nilijiona nimekwisha kujua. Nikafungua daftari langu la shule kwa mwanga wa simu, nikaandika: *Nilikosea. Aliyeona ni Orlane.*

Nikamsomea. Akapangusa machozi kwa kiganja, akachukua kikombe na kukitumbukiza kwenye ndoo.

"Mama, wamebaki wawili."