Chumvi ya Mama Ennie

"Toka nje! Mzee Musonda, toka!" Jairos alipiga kelele huku yeye mwenyewe akikimbia, machozi yakimtiririka na koo likiwaka. Moshi wa njano uliotaka kuwa kijani ulimwagika kutoka kwenye beseni, ukapita chini ya mlango mpaka kwenye mkeke wa mzee aliyelazwa chumba cha pili. Walimtoa amebebwa. Alikohoa mpaka jioni.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu tangu Agosti ya 1956 ianze, na Jairos, muosha mabeseni wa zahanati ya Nchelenge, alikuwa ameshampata mchawi wake.

"Chumvi ya yule mwanamke wa Pweto," alimwambia kila aliyesimama kusikiliza. "Chumvi gani inatoa moshi? Niambieni!"

Mama Ennie alikuwa mjane aliyevuka ziwa kutoka upande wa Kongo na magunia yake, akawa anawapimia wavuvi chumvi kwa kikopo. Upande huu hakuwa na ndugu hata mmoja. Mtu kama huyo, jamani, kumsingizia ni kazi ndogo.

Sasa sikiliza jambo ambalo Jairos hakulisema. Dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda iliacha madoa ya kahawia kwenye mabeseni, na Bwana Rodwell, mkuu wa zahanati, aliyachukia madoa hayo. Jairos ni mtoto wa wavuvi. Kwao kila kitu husuguliwa kwa chumvi, toka kisu mpaka sakafu. Chumvi ya Mama Ennie peke yake ilishindwa, ndipo Watson, dereva wa lori la samaki, akampa kichupa cha maji ya betri. Mabeseni yakang'aa! Bwana Rodwell akamsifu mbele ya wagonjwa, mara ya kwanza kwa miaka sita. Angemwambia nani siri hiyo? Thubutu! Kichupa kikakaa mfukoni, na wala hakukishuku.

Jumatatu asubuhi Chishimba, kapaso wa chifu, yaani askari wake, alifika zahanati akiwa na Mama Ennie. Mtumbwi wa kumrudisha Pweto kwa kosa la uchawi ulikuwa tayari. Huko shemeji zake walishamnyang'anya nyumba, na kila mtu alilijua hilo.

"Ngoja," Bwana Rodwell akasema. "Tuone kwanza."

Likaletwa beseni lenye madoa. Jairos akalisugua uani, mbele ya watu, kwa chumvi ya Mama Ennie. Moshi haukutoka. Watu wakaguna.

"Ameogopa kapaso, ameondoa dawa yake," Jairos akasema upesi.

Mama Ennie alikuwa amekaa juu ya gunia. "Baba," alisema taratibu, "fanya vile unafanyaka kila siku."

"Ndivyo ninavyofanya."

"Hapana. Kila siku unafungaka mulango."

 Kichupa kilimgusa Jairos ubavu, na kwa mara ya kwanza akakiogopa. Angeweza kunyamaza. Mtumbwi ungeondoka, naye angebaki na kazi yake na sifa zake. Akamtazama mzee Musonda aliyeegemea ukuta, bado akivuta pumzi kwa taabu.

"Nileteeni chumvi ya jikoni," alisema. "Si ya mama. Halafu rudini nyuma."

Akaitia beseni, akatoa kichupa, akamimina maji ya betri. Moshi ukapanda. Watu walitawanyika wakiziba pua, na Bwana Rodwell akalipiga beseni teke likabiringika mchangani.

"Dawa, chumvi na asidi pamoja?" alifoka. "Jairos, ulitaka kutuua?"

Kazi ya Jairos iliisha siku hiyohiyo. Chishimba aliufungua mtumbwi akaenda zake bila kumwomba mama radhi. Na usidhani watu waliacha maneno. "Yule mama alijuaje kwamba mlango unafungwa?" walinong'onezana kisimani.

Oktoba Jairos alikuwa akikausha samaki na kaka zake. Alizunguka wiki nzima, aibu inamtafuna, mwisho akaenda kwa Mama Ennie.

"Nipimie vikopo viwili, mama."

Mama Ennie akapima, akafunga kifurushi. Mkono ulipokuwa umeshanyooshwa, akaurudisha. Akafungua tena, akachota chumvi kidogo, akaiweka ulimini, akameza huku anamtazama.

"Mimi usinionjee, mama," Jairos alisema.

"Ninaonjeaka kila mutu tangu ule moshi," alijibu, akampa kifurushi chake, akamgeukia mteja wa nyuma.