Idhini ya Hillevi

Katika idara ya usalama wa mitandao, kwenye chuo kikuu kimoja cha nchi ya barafu, kahawa ya asubuhi hunywewa saa tatu kamili, na anayechelewa huambulia makombo ya mkate wa iliki. Jumatatu moja ya Februari Hillevi Ojakorpi aliingia kabla ya wengi, akavua buti mlangoni, akazipanga kando ya buti za wenzake, akajimiminia kahawa nyeusi na kuketi kwenye kiti chake cha siku zote, karibu na dirisha. Alikuwa amezikwa kabla ya Krismasi. Theluji iliyokuwa mabegani mwake haikuyeyuka.

Watu walisogea kumpa nafasi. Katika nchi ile mtu haulizwi ametoka wapi. Akitaka kusema atasema, asipotaka kuna kahawa.

"Barabara ikoje?" aliuliza Tuire Vesterlahti, aliyekuwa amegawana naye ofisi moja kwa miaka mingi.

"Inateleza," alisema Hillevi. "Halafu nyie watu hamfundishiki. Nimefika mlangoni mikono imejaa mkate, mtu kanishikia mlango, hata kitambulisho hakuniuliza. Nimewahubiria miaka nenda miaka rudi: usimshikie mlango usiyemjua!"

"Lakini tunakujua, shoga."

"Mnanijua nikiwa hai. Je, kama ningekuwa mtu mwingine aliyekufa?"

Wakacheka ndani ya vikombe vyao. Neno lilikuwa la haki.

Hakuja kwa ajili ya mkate, ijapokuwa alikula vipande viwili. Alikuja kwa sababu ya makala, ambayo ilikuwa iende kwa wachapishaji Ijumaa ya wiki ile. Hillevi ndiye aliyegundua tundu katika mitambo ya kupasha nyumba joto, tundu ambalo mtu akilijua angeweza kuketi popote duniani, akabonyeza mara mbili, na mtaa mzima ukalala kwenye baridi ya Januari, wazee na watoto wachanga humo humo. Aliligundua kwa subira. Jioni baada ya jioni aliketi na mtambo mmoja alioununua kwa muuza vyuma chakavu, akiuuliza maswali ya kijinga mpaka nao ukamjibu kijinga. Kisha akawaandikia watengenezaji kwa siri, akangoja wazibe, maana huo ndio mwendo wa watu wa kazi ile: mwenye nyumba huambiwa kwanza, soko zima baadaye. Walipoziba, akaanza kuandika. Moyo wake ulisimama mwezi wa Novemba, yuko mezani, makala yote imekamilika isipokuwa hitimisho.

Hitimisho aliliandika Tuire. Profesa Torsti Lindeqvist, mkuu wao, alisahihisha nukta na kuongeza aya moja ya kuwashukuru wafadhili. Na kwa kuwa kanuni ilisema kila mwandishi sharti aidhinishe nakala ya mwisho kwa kuingia katika akaunti yake mwenyewe ya chuo, na akaunti ya Hillevi ilifungwa siku ya pili baada ya mazishi, makala ilibaki na waandishi wawili.

"Basi nimekuja kuidhinisha," Hillevi alimwambia Tuire walipokuwa wakiosha vikombe. "Nimeisoma. Hitimisho lako limepooza kidogo, lakini litapita."

"Asante, na wewe."

"Sitaki cheo, Tuire. Mimi na vyeo tumeshaachana. Ni mama tu. Krismasi ngapi sikwenda kwake? Kila mwaka nampigia simu: mama, kazi. Naye kila mwaka anauliza, kazi gani hiyo isiyo na sikukuu? Nataka aone jina langu limeandikwa, ajue kulikuwa na kitu."

Tuire alikausha kikombe cha mwisho. Yeye kazi yake ilikuwa kupima mkono wa mwandishi. Alikuwa na programu inayosoma maandishi yasiyo na jina na kumtambua aliyeyaandika kwa tabia zake ndogo ndogo: anavyopumzika katikati ya sentensi, neno analolikimbilia akichoka, jinsi anavyokataa jambo. Mtu anaweza kubadili jina, nchi hata dini, ila asiweze kubadili anavyosema "hata hivyo". Mchana ule aliipa programu makala yenyewe. Ikasoma, ikajibu kwamba karibu yote ni ya Hillevi Ojakorpi, isipokuwa kurasa mbili za mwisho, zilizoandikwa na mtu mwenye huzuni.

Akayachapa majibu hayo, akaipeleka karatasi kwa profesa. Hillevi alimfuata, akabaki amesimama karibu na mlango.

Profesa Lindeqvist hakuwa mtu mbaya. Alilia mazishini, tena kwa sauti, jambo ambalo kwao halikuwa la kawaida. Alisoma majibu ya programu mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kipimo chako kizuri sana," alisema. "Kiandikie makala."

"Profesa, siombi sifa. Naomba jina lake lirudi. Mwenyewe huyu hapa, anaidhinisha."

"Namwona. Habari za asubuhi, Hillevi."

"Nzuri, profesa. Ila sasa ni mchana."

"Mimi ningeliweka leo hii hii," alisema profesa, na ilionekana anasema kweli. "Lakini mfumo hauulizi kama yupo. Unauliza kama ameingia. Nimeshawapigia watu wa akaunti. Wanasema akaunti hufunguliwa kwa mwenye mkataba wa kazi, na mkataba wake umekwisha kwa sababu inayojulikana."

"Basi ondoa na langu," alisema Tuire.

Profesa akamtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgonjwa anayekataa dawa. "Mkataba wako unakwisha Mei. Kamati itauliza umechapisha nini. Ukitoka wewe, nitabaki peke yangu juu ya kazi ambayo sikuifanya. Hiyo nayo ni haki?"

Tuire alitaka kujibu. Aliikumbuka Mei, akaikumbuka kodi ya nyumba, akaikunja karatasi yake. Jina lake likabaki lilipokuwa.

Walirudi ofisini. Meza ya Hillevi ilikuwa imeshawekwa mashine ya kuchapia, naye akaketi juu ya katoni ya karatasi bila kulalamika.

"Kuna njia nyingine," alisema Tuire, akifunga mlango.

"Najua. Usiitaje."

"Tundu lile la mfumo wa chuo. Uliliona wewe, ukawaandikia wewe, wakakujibu 'tunashukuru, tunalishughulikia'. Mwaka wa tatu huu, liko wazi kama shimo alilotoboa mvuvi kwenye barafu ya ziwa. Ingia, Hillevi. Fungua akaunti yako, bonyeza idhini, funga, toka. Nani atadhurika?"

"Sikupewa ruhusa."

"Akaunti ni yako!"

"Ilikuwa. Sasa ni nyumba ya watu." Hillevi alikuwa akikwangua theluji begani kwa ukucha, nayo inarudi. "Maisha yangu yote nimesimama mbele ya milango mibovu na sikuingia hata mmoja bila kubisha. Watu walikuwa wananicheka: fundi wa kufuli anayebisha hodi! Nikiingia leo, yule mwenye jina kwenye makala atakuwa mwizi. Afadhali asiwepo."

"Wewe mgumu kuliko kaburi."

"Nimetoka huko. Si gumu kama watu wanavyosema."

Alhamisi alikuja tena, akasoma hitimisho na kumrekebishia Tuire sentensi tatu. Ijumaa makala ikaenda. Wiki iliyofuata Hillevi aliendelea kuja kahawani, na wiki iliyofuata tena. Wanafunzi wa shahada walianza kumletea rasimu zao, kwa kuwa alikuwa mkali na hakuwa na haraka. Mtu wa usafi aliweka gunia chini ya kiti chake kwa ajili ya theluji aliyokuwa akiikwangua. Lile tundu la mfumo wa chuo alilikumbushia kwa mdomo, akajibiwa kwamba taarifa za udhaifu hupokelewa kupitia akaunti.

Makala ilitoka Mei, barafu ilipokuwa ikipasuka ziwani kwa mlio kama wa mbao. Mkataba wa Tuire uliongezwa. Jumamosi alichapa nakala moja kwa karatasi nzuri, akaendesha gari mpaka kijijini kwa mama yake Hillevi, jina lake Impi. Hillevi alikaa kiti cha nyuma, amefunga mkanda. Njia nzima walizungumza juu ya paa walioonekana kando ya barabara, na wasioonekana.

Mama Impi aliwafungulia mlango kabla hawajabisha. Alimtazama binti yake kuanzia buti mpaka mabegani.

"Umekonda," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ingieni, kahawa inapoa."

Akawakatia mkate, akavaa miwani, akaipokea makala kwa mikono miwili. Alisoma ukurasa wa kwanza kwa kidole.

"Tuire Vesterlahti. Ndiye wewe huyu?" Akampiga Tuire kofi dogo la bega. "Hongera, mwanangu! Mama yako anatembea kifua mbele. Na huyu Lindeqvist ndiye mkubwa wenu." Kidole kikatafuta chini ya hapo, hakikukuta kitu. Akafunua ukurasa wa pili, kisha wa tatu.

"Mama," alisema Tuire, "kazi hii ni ya Hillevi. Tundu kaliona yeye. Maneno ni yake, nimeyapima mimi mwenyewe."

"Una malezi mema wewe. Hata mazishini ulisema maneno mazuri."

"Si malezi, mama, ni kweli!"

"Ingekuwa kweli wangeandika," alisema Mama Impi bila ukali. Alikuwa mwalimu wa shule miaka arobaini na hakuwahi kumpa alama mtoto aliyesahau jina kwenye daftari. Aliendelea kufunua, ukurasa baada ya ukurasa, michoro na tarakimu asizozielewa, mpaka mwisho kabisa, ambako herufi huwa ndogo. Hapo akasimama. Akasogeza karatasi dirishani, akasoma kwa sauti:

"'Waandishi wanamshukuru H. Ojakorpi kwa mazungumzo yenye manufaa.'"

Nje, kwenye ziwa la kijiji, barafu ilipasuka nayo. Mama Impi akavua miwani na kumgeukia binti yake, na usoni mwake hamkuwa na hasira, ila lile jibu la 'kazi gani?' alilolingoja Krismasi zote zile.

"Kumbe ulikuwa ukizungumza," alisema.

Hillevi alishusha kikombe chake polepole.

"Ndiyo, mama," akasema. "Nilikuwa nikizungumza."

Mama akaitikia kwa kichwa, akakata kipande kikubwa cha mkate, akakiweka kwenye sahani ya Tuire.